Utando wa karatasi mlangoni mwa Deodata

Saa moja na nusu asubuhi, Deodata Kazimili amepiga magoti juu ya mkeka, kisu cha jikoni mkononi, anachana gunia la karatasi lililoleta unga wa uji. Gunia hilo lina matabaka matatu. La nje limechakaa kwa safari, la ndani limeganda unga, lakini la katikati ni safi na gumu kiasi, na ndilo analolitaka. Analichuna taratibu, kama mtu anayemenya ndizi za kupika huku akikwepa utomvu.

Nje, Gidioni, mpishi wa uji, anapuliza moto na kuzilaumu kuni mbichi. Watoto wameanza kuingia, kila mmoja na kikombe chake cha plastiki kilichofungwa shingoni kwa uzi. "Shikamoo, Mama Buibui," wanasema, mmoja akiwahi na mwingine akichelewa. Anaitikia marahaba ya kila mtoto peke yake, kwa jina, kwa sababu siku moja aliitikia ya jumla na mmoja wao akanuna mpaka saa ya kwenda nyumbani.

Hapa ni katika kambi ya wakimbizi wa Burundi wilayani Ngara, mkoani Kagera. Banda la Deodata ni nguzo za miti, kuta za udongo zinazoishia kiunoni na turubai la plastiki juu. Watoto wa miaka mitatu hadi sita wanashinda humu wakati mama zao wanatafuta kuni, wanachota maji au wamepanga foleni ya chakula. Wanaimba, wanakunywa uji, wanalala kidogo. Na Jumatatu hadi Alhamisi wanatengeneza buibui.

"Watu wa mjini wakisikia kazi yangu ni buibui wanacheka," anasema Deodata, mwenyewe akicheka. "Hata mimi ningecheka. Lakini wewe mpe mtoto mkasi, halafu mwangalie uso anapoikunjua karatasi. Kesho yake utarudi kumwangalia tena."

Kazi yenyewe haina siri. Karatasi inakatwa duara kwa kufuata mdomo wa sufuria, inakunjwa katikati, inakunjwa tena na tena mpaka inabaki mithili ya kipande cha chapati. Hapo mtoto anakata vijipinde upande huu na upande ule bila kufika mwisho, na akiikunjua anapata utando wa buibui mzima. Akifika mwisho anabaki na vipande mkononi. Wapo wanaofika mwisho kila siku ya Mungu. Hao Deodata huwaambia kwamba buibui huyu alikuwa na haraka, tumpe karatasi nyingine.

Buibui mwenyewe ni donge la karatasi lililopakwa mkaa, miguu minane ya vipande vilivyokunjwakunjwa, gundi ya unga wa muhogo na kamba nyembamba ya mgomba ya kumning'iniza. Kwa miguu hiyo watoto wamejua kuhesabu hadi nane. Kuanzia tisa, Deodata anakiri, ni kubahatisha.

Deodata ana miaka thelathini na tisa. Alizaliwa Nyantakara, wilayani Biharamulo, akaolewa Kanazi, huku Ngara, na Desderius, mkulima wa migomba na maharage. Wana watoto watano. Wa kwanza ni Felisiani, anayesoma sekondari, na kwa ajili yake watu wazima wote humwita Mama Felisiani. Jina la Mama Buibui ni la watoto peke yao, na mtu mzima akilitumia anaangaliwa vibaya.

Kabla ya wakimbizi alikuwa mkulima kama majirani zake, na Jumapili alikuwa akiwafundisha sala watoto wadogo wa kigango. Kisha ukaja mwaka 1994, watu wa Rwanda wakavuka mto kwa maelfu. "Nilisimama kando ya barabara na jembe begani," anakumbuka. "Nikasahau nilikuwa nakwenda shamba lipi." Hao walipoondoka wengine walikuwa wamekwisha kuja, Warundi, na bado wanakuja. Shirika moja lilipotafuta walezi wanaoweza kuzungumza na watoto hao, Deodata alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, maana Kihangaza chake na Kirundi chao vinasikilizana bila mkalimani.

Posho yake haijengi nyumba. Inakwisha kwenye sabuni, chumvi na ada ya Felisiani, na kuna miezi inakwisha kabla ya kufika kwenye ada. Lakini si posho iliyomweka hapa miaka yote hii, na si posho iliyomliza mwaka jana.

"Nilijiona mwenyeji wao kwa kila kitu," anasema. "Nikadhani lugha ikishafanana, na mengine yote yamefanana."

Kilichotokea ni hiki. Julai ya mwaka jana walezi waliitwa semina Ngara mjini, wakafundishwa michezo ya kufanya na watoto wadogo. Mmojawapo ulikuwa wa buibui na utando wa karatasi. Walezi wenzake waliuchukua kama mzaha wa kumalizia siku. Deodata aliuchukua kwa moyo wake wote, akarudi kambini na kuuanza kesho yake, na katika wiki moja watoto wakawa wamekata tando nyingi kiasi kwamba hapakuwa na pa kuziweka.

Sasa Deodata ni mtu anayependa nyumba ipendeze. Nyumbani kwake Kanazi hata mtungi wa maji una kitambaa. Akazifunga tando zile kwenye kamba ya mgomba na kuzitundika mlangoni mwa banda, kuanzia juu mpaka usawa wa kichwa cha mtoto, buibui weusi wakining'inia katikati. Kuingia, mtoto alilazimika kuinama. Walikuwa wakipita, wanatoka, wanapita tena, wakicheka mpaka wanaanguka. Deodata alirudi nyuma hatua chache akalitazama banda lake, akaridhika nalo kabisa.

Wakati huo watoto walikuwa wanapita themanini. Kesho yake walikuja hamsini hivi. Keshokutwa walipungua tena. Wiki ilipokwisha walibaki kumi na mmoja, na wengi wao waliletwa na kaka na dada zao waliokuwa wanawahi mpira, wakiwasukumia ndani bila kuangalia mlango.

Deodata akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Kila alipobisha alikaribishwa vizuri, akaletewa kigoda, akaulizwa habari za Kanazi na za migomba. Alipouliza habari za mtoto aliambiwa ana homa. Nyumba ya pili, homa. Ya tatu, mtoto amekwenda kwa shangazi yake upande wa chini, naye pia anasikia homa. Na mtoto mwenyewe wakati huo yuko nyuma ya nyumba, sauti yake inasikika akigombana na mwenzake.

Aliogopa kweli, akamwomba mhudumu mmoja wa zahanati apite kuwaangalia watoto. Mhudumu alirudi jioni akasema hajaona mgonjwa hata mmoja, ila amechoka kuwakimbiza.

Kwenye foleni ya chakula, kina mama walikuwa wakinyamaza alipokaribia. Ndipo akapata jibu, jibu lisilo sahihi: wanadhani mimi na Gidioni tunakula unga wa watoto wao. Wazo hilo lilimchoma mpaka akakosa usingizi. Akaamua kuwaonyesha. Uji ukapikwa mzito, na siku ya pili ukaongezwa uzito, hadi Gidioni akalalamika kwamba mwiko umesimama wenyewe na hajui kama bado anaitwa mpishi wa uji au wa ugali. Wale watoto kumi na mmoja walishiba wiki hiyo kuliko walivyowahi kushiba. Wengine hawakuja.

Mwisho wa mwezi akaja Alfonce, msimamizi wa mabanda yote ya watoto. Hakuja kwa ubaya. Aliketi kwenye mkeka, akanywa uji ule kwa taabu, akasema anavyosikitika. Ila kuna upande mwingine wa kambi watoto wanakaa juani kwa kukosa banda. Akampa Deodata wiki moja. Jumatatu ya pili angepita tena, na kama hali ingekuwa hivyohivyo, mikasi, unga na turubai vingehamishiwa huko.

"Nilimjibu sawa," anasema Deodata. "Ningesema nini? Banda lisilo na watoto ni kibanda cha mbuzi tu."

Hata hivyo, hofu yake haikuwa ya kibarua kuota nyasi. Alijua watoto wale walikuwa wapi. Mama akienda kuni upande wa pori la Biharamulo, anaondoka asubuhi na kurudi jua likiwa limegeuka. Mtoto asiyekwenda bandani anafungiwa ndani, mlango unafungwa kamba kwa nje, na humo ndani mna mafiga matatu, sufuria ya mahindi, mkeka wa nyasi na turubai. Ilikuwa Agosti, kiangazi, kila kitu kimekauka.

Jumatano ya wiki ile, moshi ukaonekana kwenye nyumba ya Akimana.

Akimana ni mama mwenye miaka ishirini na sita kutoka upande wa Muyinga. Alivuka mpaka mwaka 1996 na binti yake mchanga, Ishimwe, mgongoni, na hakuwa na kingine. Siku hiyo alikuwa amekwenda kuni. Kaa moja lilikuwa limeruka kutoka jikoni likatua kwenye mkeka. Jirani yake, mzee Ntirampeba, aliuona moshi ukitoka penye mshono wa turubai, akaikata kamba ya mlango kwa panga na kumtoa mtoto. Mkeka uliteketea pamoja na nusu ya blanketi. Ishimwe alikuwa anakohoa, nywele za mbele zimeungua kidogo, basi.

Habari zilimkuta Deodata akiosha vikombe. Alikimbia. Kanga ilimdondoka njiani na hakurudi kuiokota. Alipofika, Akimana naye alikuwa ndiyo kwanza anafika, mzigo wa kuni umetupwa njiani, amemkumbatia mtoto. Deodata alimpapasa Ishimwe kuanzia kichwani mpaka vidoleni, akahakikisha, akampapasa tena.

"Mama Ishimwe," alisema alipoweza kusema, "kwa nini hukumleta kwangu?"

Majirani walikuwa wamejaa. Labda siku nyingine yoyote Akimana angetaja homa. Siku hiyo hakuwa na nguvu ya adabu.

"Ningemletaje, Mama Felisiani?" alisema. "Umeweka buibui mlangoni."

Kisha akamweleza, polepole. Kambini watu wapya wanaingia kila wakati, na kila wanapoingia, waliotangulia wanawazunguka kuuliza habari za kwao. Nyumba ikiwa imechomwa, msafiri anasema imechomwa. Ikiwa ina watu, anasema ameona moshi. Lakini ikiwa imesimama na wenyewe wote hawapo, na hakuna atakayerudi, ulimi wa msafiri unakuwa mzito. Husema tu kwamba buibui amejenga mlangoni. Anayeuliza hana haja ya kuuliza la pili.

"Ndivyo nilivyoambiwa habari za kwa mama yangu," alisema Akimana. "Maneno hayo tu, nimesimama kwenye foleni ya maji. Halafu asubuhi moja namleta mwanangu, namwona anainama, anapita chini ya buibui, anaingia ndani. Na anacheka."

Deodata aliketi chini, palepale penye majivu.

Kanazi, utando wa buibui ni uchafu wa kusubiri Jumamosi. Unatolewa kwa ufagio, mtu anapiga chafya, yamekwisha. Wanajua pia kwamba nyumba iliyohamwa hujaa utando, nani asiyejua, lakini hakuna aliyewahi kupewa msiba wake kwa maneno hayo. "Nilikuwa naijua lugha yao," anasema sasa. "Sikuzijua habari walizopewa kwa lugha hiyo."

Siku ile aliwauliza majirani kwa nini hawakumwambia tangu siku ya kwanza. Aliyejibu ni mzee Ntirampeba, panga lake bado mkononi.

"Wewe ndiye mwenyeji, na unawapikia watoto wetu uji," alisema. "Mgeni atamwambiaje mwenyeji kwamba mlango wake ni mbaya?"

Deodata akainuka, akasema anakwenda sasa hivi kuzing'oa tando zote na kuzitia motoni. Akimana akamshika mkono. Alisema hapana, usiondoe kimya kimya, maana watu watasema umeficha tu, jambo bado lipo. Kwao mtu akirudi katika nyumba iliyokaa bure, haingii kwanza. Anasimama nje, anaufagia mlango mchana kweupe, majirani wakiona, kisha anaingia na kuwasha moto. Hapo kila mtu anajua nyumba imepata mwenyewe.

"Ziache," alisema. "Tutakuja kufagia."

Kusema ni rahisi. Siku mbili zilizofuata Deodata alizunguka tena nyumba zilezile, na safari hii hakuketi kwenye kigoda. Alisimama mlangoni, akasema nimekosa, sikujua, nisameheni, na Jumamosi asubuhi naomba uje na ufagio. Wengine walimshika mikono. Wengine walitazama chini. Mama mmoja aitwaye Niyonzima, ambaye hana ndugu hata mmoja aliyebaki ng'ambo ya mpaka, Burundi, alisema "nimesikia" na kuurudisha mlango.

Jumamosi hiyo Deodata alifika kambini mapema, Desderius akiwa amemleta kwa baiskeli kwa sababu aliona mkewe hana miguu ya kutembea. Walikuta Gidioni peke yake. Gidioni alikuwa ameweka sufuria kubwa, ile ya watoto themanini, na kuijaza maji. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba maji hayana hasara, yakikosa watu yataogewa.

Jua likapanda. Njia ikabaki tupu. Alikuja mbwa, akanusa jiko, akaenda zake. Deodata anasema katika saa hiyo alikuwa ameshaanza kupanga moyoni namna ya kuikabidhi mikasi kwa Alfonce bila kulia mbele ya mwanamume asiye mume wake.

Wa kwanza kutokea alikuwa Ishimwe, nywele za mbele zikiwa fupi. Nyuma yake mama yake, na ufagio wa nyasi. Akaja mwingine, wakaja watatu pamoja, halafu njia yote ikajaa kina mama wenye mafagio mabegani kama watu wanaokwenda kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, na watoto wakiwatangulia. Niyonzima alikuja mwisho. Alisimama mbali, mikono nyuma.

Akimana akafika mlangoni, akavuta pumzi, akafagia juu. Utando wa kwanza ukaanguka. Akafagia tena, wengine wakasogea wakaanza nao, tando za karatasi zikawa zinaporomoka miguuni mwao, na kina mama wawili watatu walikuwa wanalia huku wanafagia bila kujificha.

Ndipo jambo ambalo hakuna mtu mzima aliyelifikiria likatokea. Watoto wakaangua kilio. Walikuwa wanaona kazi yao ya wiki nzima inapigwa mafagio na mama zao wenyewe. Ishimwe akajipenyeza katikati ya miguu ya watu, akawa anaokota buibui mmoja mmoja na kuwatia kwenye kikombe chake, kikajaa, akaendelea kuwatia kwenye gauni. Wenzake wakamfuata. Mlangoni pakawa na vurugu ya mafagio juu na watoto chini, na kina mama ikawabidi wasimame wasije wakawaumiza.

Kicheko kilichosikika kwanza kilitoka nyuma, kwa yule aliyesimama mbali.

"Waacheni na buibui wao," alisema Niyonzima. "Buibui hana kosa. Kosa ni kukosa wa kumfagia."

Alisogea, akachukua ufagio wa jirani yake, akaondoa utando wa mwisho uliokuwa umenasa pembeni ya nguzo. Kisha wakaingia wote ndani, wakubwa kwa wadogo, na Gidioni akamimina unga kwenye maji yake. Uji ulinywewa na kila mtu. Unga wa Jumatatu uliliwa Jumamosi na hakuna aliyeulizia.

Deodata alikwenda nyuma ya banda akalia. "Nililia kama mtu aliyetua mkungu wa ndizi kichwani," anasema. "Mzigo umeshatua lakini shingo bado haijaamini."

Jumatatu Alfonce akaja kama alivyoahidi. Alihesabu watoto akapata tisini na wanne, akarudia kwa sababu wapo waliokuwa wanajificha, akapata zaidi. Baadhi hawakuwahi kufika bandani hata kabla ya mkasa. Alimuuliza Deodata amewatoa wapi. Deodata alimwambia ni hadithi ndefu, anywe uji kwanza. Alfonce aliuangalia uji kwa wasiwasi, akaona ni mwepesi, akanywa. Kabla ya kuondoka alisema mikasi ibaki, na atajaribu kutafuta mingine.

"Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibeba mwezi mzima," anasema Deodata. "Nadhani hata nguzo za banda zilisikia."

Tangu hapo banda lina utaratibu wake. Tando zinatundikwa ukutani kwa ndani na kamwe haziwekwi mlangoni. Jumatatu hadi Alhamisi watoto wanakata. Ijumaa, kabla ya kwenda nyumbani, wanafagia wenyewe kwa vifagio vidogo, buibui wanarudishwa kwenye boksi na karatasi zinakwenda jikoni kwa Gidioni. Vifagio hivyo anavitengeneza Niyonzima, na ni mkali kwa anayekivunja chake. Kina mama wengi siku hizi wanawahi kuja Ijumaa. Wanasimama kando wanatazama watoto wao wakifagia kwa fujo na vumbi, na hakuna anayewaharakisha.

Leo ni Alhamisi, jua limeanza kuteremka, ukuta umejaa. Akimana yuko kwenye mkeka, anakoroga gundi ya muhogo. Siku asizokwenda kuni anakuja kusaidia, na Deodata ameomba Akimana apewe nafasi ya mlezi msaidizi. Bado hawajajibiwa.

Redioni kuna maneno ya amani tena, na kambini watu wanayasikiliza kwa sikio moja, maana yamewahi kuja na kuondoka. Deodata anayasikiliza kwa yote mawili. Desderius amempa kona ya shamba kule Kanazi, karibu na njia, na miti ya nguzo imeshakatwa. Anataka kujenga banda kama hili kwa watoto wa wakulima, ambao mama zao nao wanawafungia ndani wakienda kulima maharage. Ila hataki kulianza wakati hili bado lina watoto.

"Mwaka jana nilikuta banda tupu nikadhani nimekwisha," anasema. "Sasa namwomba Mungu nilikute tupu mara moja tu. Nifike asubuhi, niite, niambiwe hawapo, wamekwenda kwao, wote, na Ishimwe. Siku hiyo nitakaa hapa kwenye mkeka nilie mpaka nichoke."

Akimana anaacha kukoroga gundi.

"Utalia peke yako, Mama Felisiani," anasema. "Sisi siku hiyo tutakuwa na kazi. Tutakuwa tunafagia."